Kiberiti, Kufuli na Madai ya Shule Zetu

Kila bweni linapoungua nchini Kenya, husemwa yale yale. Mwalimu mkuu husema walinzi walikuwepo langoni. Bodi ya shule husema masanduku yalipekuliwa siku ya kufungua muhula. Wizara husema kanuni zipo. Wazazi wenye uchungu hudai kiboko kirudishwe, na wanasiasa waliokuja kutoa rambirambi huahidi ukaguzi wa nchi nzima. Muhula ukigeuka, hakuna anayeuliza yaliishia wapi. Nimeyasikia maneno hayo katika mikutano ya wazazi na redioni, na tangu Septemba 2024, wavulana 21 walipoangamia katika shule ya msingi ya Hillside Endarasha, kaunti ya Nyeri, sina tena subira nayo. Yanastahili kujibiwa moja baada ya jingine, maana kila dai lina watu wanaoliamini kwa dhati, na kila dai limesaidia kuacha mlango fulani ukiwa umefungwa.

Kuna kwanza wale wasemao kwamba silaha shuleni ni shida ya Wamarekani. Huku kwetu, wanasema, mtoto hana pa kupata bunduki, na kwa hilo tumshukuru Mungu. Ni kweli bunduki ni nadra mikononi mwa wanafunzi wetu. Lakini silaha ni chochote anachokishika mtu ili amdhuru mwenzake, na katika shule za bweni za Kenya kitu hicho kimekuwa petroli na kiberiti. Mei 1999, katika shule ya upili ya Nyeri High, viranja wanne walifungiwa usiku ndani ya chumba chao, wakamwagiwa petroli na kuchomwa. Wote wanne walikufa. Machi 2001, katika shule ya Kyanguli, Machakos, petroli ilimwagwa bwenini wavulana wakiwa wamelala, na 67 hawakutoka. Septemba 2017, Moi Girls Nairobi, wasichana 10 walikufa, na baadaye mahakama ikampata mwanafunzi mwenzao na hatia ya kuua bila kukusudia. Hivyo ni visa vitatu tu, na vijana 81. Huko Marekani, shambulizi la Sandy Hook la mwaka 2012 liliua watu 26, na lile la Uvalde la mwaka 2022 liliua 21. Yajumlishe yote mawili, yanayojulikana kwa majina dunia nzima, na bado hujafikia idadi ya waliokufa Kyanguli kwa usiku mmoja.

Kwa kuwa hatuuhesabu moto kuwa silaha, tunauweka kwenye faili la utovu wa nidhamu, na faili hilo linashughulikiwa na mwalimu wa nidhamu. Anayeuliza kama shule zetu zinawakinga watoto dhidi ya silaha, kisha akaacha kuuliza habari za moto, ameliacha swali lenyewe njiani.

Halafu kuna msako. Shule nyingi zitakwambia, kwa nia njema kabisa, kwamba hakuna kinachopita langoni bila kuonekana. Simama hapo siku ya kufungua muhula ujionee. Foleni ya wazazi inafika barabarani. Askari wa lango na mwalimu wa zamu wameketi nyuma ya dawati, sanduku la bati linafunguliwa, nguo zinakunjuliwa moja moja, kopo la siagi linafunuliwa kuona kama ndani hamna simu, mkate unabonyezwa, soli ya kiatu inainuliwa. Wanachotafuta ni simu, pesa zilizozidi kiwango, sigara, bangi na chakula cha nyumbani. Kando ya dawati pana rundo la vitu ambavyo barua ya kujiunga na shule ilimtaka mzazi avilete: ndoo, ufagio, jembe, na fyekeo jipya lililoviringishwa gazeti ili makali yake yasimkate abiria ndani ya matatu. Fyekeo linapokelewa, jina la mtoto linaandikwa kwenye daftari, na kuanzia siku hiyo linalala kwenye stoo ambayo ufunguo wake, katika shule nyingi nilizozijua, anao kiranja wa mazingira.

Sisemi nyasi ziachwe zirefuke. Ninasema msako wa langoni unatazama upande usiofaa. Vitu vya kuua tayari vimo ndani: petroli ya jenereta na ya mashine ya kukatia nyasi, mafuta ya taa ya kuwashia kuni jikoni, spiriti ya maabara, visu vya mpishi. Petroli ya nje nayo haipiti langoni hata siku moja. Inapita juu ya ua usiku ndani ya chupa ya soda, imenunuliwa kando ya barabara pale bodaboda wanapojazia mafuta. Na kiberiti kinatosha kwenye soksi. Januari 2021, katika shule moja mjini Kisii, mwanafunzi aliyeulizwa kwa nini amechelewa aliwadunga walimu wawili kwa kisu. Ungepekua masanduku ya shule nzima asubuhi ile, na bado jikoni kungekuwa na visu.

Kazi ambayo ingesaidia ni ya kuchosha, nayo haipigwi picha. Petroli iandikwe kwenye kitabu kila inapotolewa, na kipimo chake kitiwe saini na mtu mzima. Mafyekeo yahesabiwe yakitoka na yakirudi, kama mwalimu wa maabara anavyohesabu chupa zake za asidi. Ufunguo wa stoo usikae mfukoni mwa mtoto wa miaka kumi na sita. Nimewahi kuuliza katika mkutano wa wazazi ni nani hutunza petroli ya jenereta. Wasimamizi walitazamana, kisha nikajibiwa kwamba swali langu litajibiwa kwa maandishi. Maandishi hayo sijayapata.

Dai linalofuata ndilo linaloua, na kwa hiyo nitakaa nalo zaidi. Husemwa kwamba mlango wa bweni hufungwa kufuli kwa nje, na madirisha hutiwa vyuma, kwa usalama wa watoto wenyewe. Wanaosema hivyo si watu wabaya. Wana sababu, na sababu zenyewe si za kubuni. Wezi huiba magodoro na blanketi. Wanafunzi hutoroka usiku kwenda disko matangani. Na kwa shule za wasichana kuna hofu kubwa zaidi yenye jina: St Kizito, Meru, Julai 1991, wavulana wa shule hiyo hiyo walipolivamia bweni ambamo wasichana walikuwa wamejikusanya kwa woga. Wasichana 19 walikufa usiku ule, wengi kwa kubanwa na kukosa hewa, na wengine 71 walibakwa. Mwalimu mkuu wa kike akiniambia hawezi kulala mlango wa wasichana wake ukiwa wazi, namwelewa.

Lakini tazama kufuli hilo limefanya nini. Bombolulu, pwani, mwaka 1998, wasichana zaidi ya 20 waliungua katika bweni lenye mlango uliofungwa na madirisha yenye vyuma. Miaka mitatu baadaye, Kyanguli, mlango mmoja ulikuwa umefungwa, madirisha yana vyuma, na umati wa wavulana ukakimbilia upande mmoja gizani. Budo Junior, Uganda, Aprili 2008, wasichana karibu 20 walikufa, nako milango ilikuwa imefungwa. Watanzania wanaikumbuka Shauritanga, Rombo, mwaka 1994, ambako wasichana zaidi ya 40 walikufa kwa moto wa bweni, na Idodi, Iringa, mwaka 2009, ambako walikufa 12. Mioto hii haikuwashwa yote kwa kukusudia. Mingine ilikuwa ya mshumaa au ya nyaya. Kwa aliyelala ndani hilo halibadilishi chochote. Njia ya kutoka inayomwokoa na mshumaa wa rafiki yake ndiyo hiyo hiyo inayomwokoa na petroli ya adui yake.

Wengi hudhani moto wa bweni unamwachia mtu muda. Haumwachii. Godoro la sponji likishika hutoa moshi mweusi mzito wenye sumu, na moshi hupanda juu kabla haujashuka, kwa hiyo aliye kitanda cha juu ndiye wa kwanza kuuvuta, pengine kabla hajaamka. Taa huzimika. Njia ya katikati imejaa masanduku ya bati. Ndani ya dakika chache bweni zima halipumuliki. Sasa mtafute matroni. Nyumba yake iko ng'ambo ya uwanja, funguo zake ziko kwenye kifungu cha funguo kumi na mbili, na anatafuta tundu la kufuli kwa mwanga wa simu huku watoto wakipiga mlango kutoka ndani. Hakuna mwalimu mkuu anayeweza kunionyesha jinsi hesabu ya dakika hizo inavyokubali.

Haya yote serikali ya Kenya iliyajua na kuyaandika. Mwongozo wa viwango vya usalama shuleni uliotolewa na Wizara ya Elimu mwaka 2008 unasema mlango wa bweni uwe na upana wa angalau futi 5, ufunguke kwa nje, na usifungwe kabisa kwa nje wakati wanafunzi wamo ndani. Bweni liwe na mlango kila mwisho, pamoja na njia ya dharura katikati iliyoandikwa waziwazi. Madirisha yasiwe na vyuma na yafunguke kwa urahisi. Kati ya kitanda na kitanda pawe na mita 1.2, na ujia uwe wa mita 2. Huhitaji kuwa mhandisi kuielewa karatasi hiyo.

Mabweni mengi yaliyopo hayafanani nayo. Tangu serikali ianze mwaka 2018 kuhakikisha kila anayemaliza shule ya msingi anaingia ya upili, jambo jema ambalo sitalipinga, shule nyingi zilipokea wanafunzi kabla hazijapata mahali pa kuwalaza. Vitanda vya ghorofa vimesukumwa mpaka vikagusana, hata mtoto anaweza kutoka ukutani hadi mlangoni bila kukanyaga sakafu. Bweni lililoungua Hillside Endarasha lilikuwa na wavulana zaidi ya 150. Mwongozo ulikuwa na miaka 16.

Na wasichana wa St Kizito je? Yanawezekana yote mawili. Komeo lifungwe kwa ndani, lifunguke kwa ndani kwa mkono mmoja bila ufunguo. Mtu mzima alale katika jengo lile lile, si ng'ambo ya uwanja. Taa ya nje iwake usiku kucha, na mlinzi azunguke badala ya kukaa langoni tu. Usiku ule wa mwaka 1991 mlango wa bweni ulivunjwa. Kilichokosekana kilikuwa mtu mzima wa kusimama kati ya wavulana na wasichana, na kufuli halikuwahi kuwa mtu huyo.

Kuna wanaokwenda mbali zaidi na kutaja magaidi. Baada ya Garissa, wanasema, nani atathubutu kung'oa vyuma madirishani? Aprili 2, 2015, alfajiri, wapiganaji wanne wa al-Shabaab waliingia Chuo Kikuu cha Garissa na kuua watu 148, wanafunzi wakiwa 142 kati yao. Hakuna anayeandika juu ya usalama wa shule Afrika Mashariki anayeweza kuipita siku hiyo kimya. Lakini kilichoshindwa Garissa hakikuwa kukosa grili. Siku chache kabla, onyo lilikuwa limetolewa kwamba vyuo vikuu vinaweza kushambuliwa. Walinzi wenye silaha langoni walikuwa wachache mno. Kikosi maalumu kutoka Nairobi kilifika mchana, saa nyingi baada ya risasi ya kwanza. Wengi waliopona walipona kwa kukimbia na kuvuka ua, wengine kwa kujificha makabatini na chini ya vitanda. Bweni lisilotokeka lingewaongezea waliopotea.

Mwenye shaka aitazame Mpondwe, magharibi mwa Uganda, karibu kabisa na mpaka wa Kongo. Juni 16, 2023, waasi wa ADF waliivamia shule ya upili usiku. Wavulana walijifungia bwenini, kama ambavyo kila mmoja wetu angefanya. Washambuliaji wakalichoma bweni. Watu zaidi ya 40 waliuawa usiku huo, wengi wao wanafunzi, wengine kwa mapanga. Mlango uliofungwa uligeuzwa kuwa silaha na mtu aliyekuwa nje. Shule iliyo karibu na mpaka hatari inahitaji askari walio karibu, simu inayopokelewa usiku wa manane, na taarifa za kijasusi zinazomfikia mwalimu mkuu kabla hazijafika magazetini. Hayo ni madeni ya serikali, na shule isiyalipe kwa kuwafungia watoto.

Sasa kiboko. Dai hili lina wapenzi wengi, na mara nyingi husemwa na watu wazima waliochapwa wakiwa watoto na wakawa watu wema. Husema watoto walianza kuchoma shule pale mwalimu aliponyang'anywa fimbo. Tarehe zinakataa. Kiboko kilipigwa marufuku katika shule za Kenya mwaka 2001, na Katiba ya 2010, kifungu cha 29, ikakazia. St Kizito ilikuwa 1991. Viranja wa Nyeri walichomwa 1999. Waliofanya hayo wote walikuwa wanafunzi wa enzi za fimbo, waliochapwa kwa sheria. Tena mauaji ya Nyeri yana jambo jingine ambalo watetezi wa fimbo huliruka: waliouawa walikuwa viranja. Walikuwa watoto waliopewa na shule kazi ya kuadhibu watoto wenzao. Shule ilikuwa imekwepa kazi yake ikawabebesha vijana, na chuki iliyopaswa kuikabili ofisi ya utawala ikalala chumba kimoja nao. Ninaposikia leo kwamba viranja waongezewe mamlaka ili walinde usalama wa mabweni, nawafikiria wanne wale na wazazi wao.

Wapo pia wasemao kwamba hakuna aliyejua, kwamba watoto ni wasiri na moto huja bila dalili. Dalili zipo, na zinajulikana hata msimu wake: muhula wa pili, mitihani ya majaribio inapokaribia. Mwaka 2016, shule zaidi ya 100 zilichomwa ndani ya miezi michache, nyingi usiku. Elizabeth Cooper, mwanaanthropolojia aliyewahoji wanafunzi wa Kenya na kuchapisha utafiti wake mwaka 2014 katika jarida la African Affairs, aliwakuta wakieleza uchomaji kama kitu walichojifunza kwamba hufanya kazi. Walikuwa wamelalamika kuhusu chakula, mwalimu mkuu mkali, likizo iliyofutwa, hakuna aliyewasikia. Shule jirani ilichoma bweni, na ndani ya wiki wizara ikafika. Mara nyingi waliochagua njia hiyo walichoma bweni likiwa tupu, wenzao wakiwa kwenye masomo ya jioni. Hawakukusudia kuua mtu. Lakini petroli haijui nia ya aliyeimwaga, na kuna usiku ambapo bweni haliko tupu.

Simtetei anayechoma. Waliofanya hivyo watu wakafa wanapaswa kujibu mbele ya mahakama, na baadhi wamejibu. Ninachokataa ni mwalimu mkuu kusema hakujua ilhali sanduku lake la maoni lina kufuli lililoota kutu, baraza la wanafunzi amelichagua mwenyewe, na mtoto aliyewahi kunong'ona kwamba kuna mpango wa kuchoma alipelekwa mbele ya paredi akatajwa jina. Nilimsikia mzazi mmoja akisimulia hivyo juu ya mwanawe, mvulana wa kidato cha pili. Mvulana huyo hakusema tena chochote mpaka alipomaliza shule. Katika bweni la watoto mia, daima yupo mmoja aliyeiona chupa ya petroli chini ya kitanda. Shule inayotaka kuwakinga watoto na silaha lazima imfanye mtoto huyo aweze kusema saa nne usiku, kwa mtu mzima anayemwamini, na aamke kesho bila jina lake kujulikana. Kazi hiyo ni ya mwalimu mshauri. Katika shule nyingi mwalimu huyo ana vipindi vya kufundisha wiki nzima kama wenzake, na ushauri anaufanya kwenye kona ya chumba cha walimu, mbele ya wote.

Kuhusu dai kwamba makosa ni ya wazazi, nitasema machache. Wazazi tuna makosa mengi. Lakini mtoto wa bweni hukaa shuleni kwa zaidi ya nusu ya mwaka, na aliyekabidhiwa funguo za mlango ndiye wa kuulizwa habari za mlango.

Serikali nayo ina dai lake: imeunda tume, imetoa kanuni, inakagua. Ni kweli imeunda tume. Baada ya St Kizito ilikuja kamati ya Lawrence Sagini, mwaka 1991. Baada ya Kyanguli kikaja kikosi kazi cha Naomi Wangai, mwaka 2001. Migomo ya 2008 ikazaa kamati ya bunge chini ya David Koech, na mioto ya 2016 ikazaa jopo la Claire Omollo. Ripoti hizo ukizisoma mfululizo zinachosha kwa jinsi zinavyofanana: msongamano, viongozi wasiosikiliza, hofu ya mitihani, walinzi wasio na mafunzo, milango. Tume ya tano haitavumbua sababu ya sita.

Ukaguzi nao ulionyesha nguvu yake mara moja, na hapo ndipo palipo na aibu. Baada ya watoto wa Hillside Endarasha kuzikwa, wizara ilizunguka shule za msingi za bweni, na kufikia mwisho wa mwaka 2024 ikaamuru mabweni ya shule 348 yafungwe kwa kutotimiza viwango. Kumbe maafisa wapo. Kumbe magari yapo, mafuta yapo, na mamlaka ya kufunga bweni hatari yapo. Mabweni ya shule hizo 348 hayakujengwa wiki ile. Watoto walilala humo muhula baada ya muhula, wengine bila shaka katika vyumba vilivyowahi kupitiwa na afisa wa viwango na kutiwa saini. Saini hiyo ina jina na tarehe. Sijasikia aliyeitwa kueleza aliona nini siku hiyo. Mwanafunzi wa miaka 14 anaweza kushtakiwa kwa moto alioutia. Basi mtu mzima aliyeidhinisha bweni lenye mlango mmoja naye aitwe aulizwe.

Mwisho wa yote huja fedha. Shule hazina pesa, karo haijalipwa, ruzuku ya serikali imechelewa. Kwa majengo mapya dai hili lina uzito, na anayesema kila shule ijenge bweni jipya mwakani hajawahi kukaa kwenye bodi. Lakini orodha ya mambo yanayowaua watoto inaanza na vitu visivyo na bei ya jengo. Kufuli likiondolewa mlangoni halimgharimu mtu shilingi. Fundi wa kuchomelea mwenye grinda hung'oa vyuma vya dirisha moja baada ya jingine, na vyuma vyenyewe huuzwa chakavu. Mlango unaofunguka kwa ndani hugeuzwa kwa bawaba zile zile. Masanduku yanaweza kutolewa kwenye ujia leo jioni. Zoezi la kutoka bwenini usiku, taa zikiwa zimezimwa na mwalimu akihesabu dakika kwa saa yake, halina stakabadhi ya malipo. Shule hizo hizo huchangisha wazazi kununua basi lenye jina la shule ubavuni, na wazazi huchanga.

Kwa hiyo siku ya wazazi ijayo, kabla ya hotuba na zawadi, ombeni kuonyeshwa bweni. Nendeni na futi kamba. Pimeni nafasi kati ya vitanda viwili vyovyote, kisha mlango. Mtu mmoja aingie ndani, mlango ufungwe kama unavyofungwa usiku, naye ajaribu kutoka. Ulizeni ufunguo hulala wapi na nani, petroli ya jenereta iko wapi, na lini watoto walifanya zoezi la moto mara ya mwisho. Majibu yaandikwe kwenye kumbukumbu za mkutano, yasomwe kwa sauti, na nakala ipelekwe kwa mkurugenzi wa elimu wa kaunti siku hiyo hiyo. Shule ikikataa kufungua bweni, hilo nalo liandikwe, pamoja na jina la aliyekataa.